Koti la mvua la kupandia Usambara: tafuta jepesi linalopitisha hewa

Ukitoka Tanga mjini kwenda kutembea milimani Usambara, mara nyingi kitakachokulowesha kwanza ni jasho lako mwenyewe. Mvua hufuata baadaye. Ndiyo maana ndugu na marafiki wanaponiuliza wanunue koti gani la mvua, huwaomba waache kwanza habari ya koti kuzuia maji. Waliangalie na kujiuliza: jasho langu litatokea wapi?

Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zimebeba unyevu, na Usambara Mashariki ndiyo milima ya kwanza kuzipokea. Eneo la Amani, huko huko Mashariki, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua miti yenyewe hudondosha maji ya ukungu. Lakini iko kwenye mita 900 hivi tu, kwa hiyo joto bado lipo. Ukipanda huko na begi mgongoni huku umejifunga koti zito, baada ya nusu saa fulana imelowa chapachapa na mvua haijaanza.

Usambara Magharibi ina mambo yake. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, na juu ya msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Juni hadi Agosti, miezi ambayo Ulaya ni kiangazi na wageni wengi huja kupanda, kwetu ndiyo kipupwe. Usiku wa Julai Lushoto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mvua za miezi hiyo si za masika. Ni manyunyu na ukungu unaokaa tangu asubuhi, na ukifika ukingoni mwa milima kule Mtae upepo unakukuta umesimama wazi juu ya nyanda za Mkomazi. Mtu aliyelowa jasho akisimama hapo kupumzika hutetemeka upesi, hata kama tone la mvua halijamgusa.

Sasa kuhusu makoti ya bei kubwa yanayosifiwa kwamba yanapumua. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa kwa ghafla hujaa vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke unapita. Gore-Tex, utando mwembamba unaowekwa ndani ya kitambaa cha koti, ilitokana na ugunduzi huo, na makampuni mengine yana utando wao. Ni vitu vizuri kweli. Lakini mvuke hutoka tu iwapo ndani ya koti kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kwenye ukungu wa Amani hewa ya nje nayo imeshiba maji, kwa hiyo jasho hubaki nawe. Huko juu Magamba, penye baridi, utando huo hufanya kazi vizuri zaidi.

Kwa sababu hiyo mimi hutanguliza matundu kuliko utando. Koti liwe na zipu chini ya kwapa, zipu ya mbele inayofunguka juu na chini, na mikono inayolegezwa kwa velkro. Uzito wa gramu 250 hadi 350 unatosha kabisa kwa milima yetu. Kofia yake iwe na kamba ya kukazia na ukingo mgumu kidogo mbele, la sivyo maji yatakuingia machoni kila ukiinama kuangalia njia, na udongo ule mwekundu ukilowa unateleza, lazima uinamie njia.

Kwa Usambara Mashariki, nikiambiwa nichague kimoja, nachukua poncho ya nailoni nyepesi, yaani vazi pana la mvua la kujitupia kupitia kichwani. Hewa huingia chini na kutokea shingoni, inafunika begi pia, na ukipumzika unaweza kuitandika au kuifunga juu kama kiturubai. Ubaya wake ni upepo, ambao huipeperusha, na vichaka vya miba kwenye njia nyembamba. Vilevile huficha miguu yako kwenye mteremko, kwa hiyo beba kamba ya kujifungia kiunoni. Mwavuli mdogo nao usiudharau. Siku ya gulio Lushoto utawaona akina mama wakipanda vilima na mizigo kichwani na mwavuli mkononi, nao njia zile wanazijua kuliko sisi. Kwenye barabara za vijijini hakuna kinachoushinda. Msituni na ukingoni penye upepo ufunge.

Koti la plastiki nene la bodaboda liache bodaboda. Aliyekaa kwenye pikipiki hatembei, hatoi jasho, na uzito hauhisi.

Wengi wetu tutanunua mitumba, na ni sawa, maana makoti mazuri sana hupita Tanga kwa bei ya kawaida. Ila yakague kwa dakika kadhaa. Ligeuze ndani nje. Kama rangi ya ndani inabanduka kama magamba, au unasikia inanata vidoleni, au lina harufu kali ya uchachu, lirudishe, hata likiwa na jina kubwa. Tabaka hilo la ndani la kuzuia maji, la plastiki iitwayo poliuretani, huharibika kwa joto na unyevu, na likishaanza halitengenezeki. Kisha fuata mishono yote: mkanda unaoziba mshono uwe umeshika, hasa mabegani ambako kamba za begi hugandamiza. Weka mdomo kwenye kitambaa, upulize kwa nguvu. Hewa ikipita wazi, maji nayo yatapita. Ukiwa na chupa ya maji, mwagia kidogo juu ya bega. Matone yakisimama na kuteleza, vizuri. Yakinywewa na kitambaa cha nje tu huku ndani pakavu, koti bado linafaa. Lioshe, lisuuze sana sabuni yote itoke, likauke, kisha lipige pasi ya moto mdogo ukiweka kitambaa juu yake, kama kibandiko chake kinaruhusu pasi. Mara nyingi dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kitambaa cha nje huamka tena. Dawa ya kulainisha nguo usiiweke kabisa.

Ndani ya koti usivae pamba. Jinzi na fulana ya pamba hunywa maji, huwa nzito, na hazikauki kwenye ukungu. Jezi ya kandanda ya polyester, ile ile ya mazoezi, inakutosha. Kwenye baridi ongeza sweta la flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi bandia) ukisimama, ulivue ukianza kupanda. Suruali ya mvua mimi siibebi kwa Amani. Kaptula na miguu hukauka upesi. Kwa Magamba na Mtae katika Julai, beba moja nyepesi.

Kuhusu begi, usitegemee kifuniko cha nje, maana maji hupitia mgongoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini muuza duka anaweza kukupa ile nailoni ya ndani ya kiroba cha sukari. Ioshe, iweke ndani ya begi, tia blanketi na nguo za kulalia humo, sokota mdomo na uufunge. Nguo hizo za kulalia usizivae njiani kwa sababu yoyote, hata ukilowa vipi.

Ukirudi Tanga, usilikunje koti na kulitupa uvunguni. Joto la pwani na unyevu wake ndivyo hasa vinavyobandua tabaka la ndani, na kuvu humalizia. Litundike kivulini, lipate upepo, likauke hadi mishono.