Kichwa cha video: maswali yenu wiki hii

Kichwa changu kinakatwa kwenye simu. Kiwe na urefu gani?
YouTube inapokea herufi 100, nafasi zikihesabiwa, lakini kwenye simu mkia humezwa na nukta tatu. Neno linalobeba video likae ndani ya herufi 40 hadi 50 za mwanzo. Tazama hiki: "Karibuni tena jikoni kwangu, leo tunapika chapati". Salamu imekula herufi 41 kabla chapati haijatajwa. Salamu kaiseme ndani ya video. Juu andika "Chapati laini za kusukuma: kwa nini zako zinakauka". Herufi 50 kamili.

Niandike "jinsi ya" au "namna ya"?
Usibuni. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, andika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia cha YouTube, usibonyeze kitu, kisha soma mapendekezo yanayoshuka: ndivyo watu wanavyotafuta. Mfugaji hupenda kuandika "Ufugaji bora wa kuku", kichwa cha kijitabu cha semina hicho. Mwenye vifaranga vinavyokufa anaandika tatizo lake.

Watu wanafungua, wanatoka sekunde za mwanzo. Kwa nini?
Mara nyingi kichwa kimeahidi kitu ambacho video haina, au inacho dakika ya nane. "Dawa ya mdondo, kuku anapona siku moja" itafunguliwa kweli, ila mdondo hauna tiba, una chanjo tu. Andika "Mdondo hauna tiba: chanja kuku hivi", na chanjo ionekane mapema. Tena kichwa cha uongo ni kuvunja kanuni za YouTube. Video inaweza kuondolewa.

Herufi kubwa zote?
Hapana. Neno moja linatosha, na hata hilo si lazima.

Nikibadilisha kichwa baada ya kupakia, naharibu?
Huharibu: kiungo ni kilekile, idadi ya watazamaji inabaki. Kosa ni kubadilisha kichwa na picha ya jalada siku moja. Hutajua kipi kimesaidia. Badilisha kimoja, subiri wiki, kisha linganisha asilimia ya walioonyeshwa wakafungua. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli ziko kati ya 2% na 10%. Asilimia ikishuka huku wanaoonyeshwa wakiongezeka, usihangaike: video imefika kwa wasiokujua. Kichwa ambacho bado kinavuta watu, kiache.