Raba gani za breki zinafaa baiskeli yenye injini?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimefunga injini ya 80cc kwenye baiskeli yangu ya zamani, inatembea mpaka 40 kwa saa bila shida. Tatizo ni kusimama. Breki ni zile za kubana rimu, na mvua ikinyesha nabana mpaka vidole vinauma, baiskeli inaenda tu. Nimeshabadilisha raba mara mbili, hali ni ile ile. Rimu nimezitunza vizuri, bado zinang'aa kama kioo. Ninunue raba za aina gani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza naomba hiyo baiskeli uipumzishe mpaka hili liishe, yaani sitanii, maana spidi ikipanda kutoka 20 kwenda 40 mzigo wa breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne, alafu hapo hujaongeza uzito wa injini na tanki, na zile raba zilizokuja na baiskeli zilitengenezwa kwa mtu anayepiga pedali.

Sasa kilichonishtua ni hapo uliposema rimu zinang'aa kama kioo. Chukua kasumaku kokote, gusisha pale raba inapobana. Ikinata, hizo ni chuma cha kromu, na kromu ikilowa inateleza vibaya mno, ndo maana raba umebadilisha mara mbili na hujaona tofauti. Zipo raba zenye uso wa ngozi zilizotengenezwa kwa ajili ya rimu za chuma, hizo zinasaidia kwenye maji kuliko raba ya kawaida, ila kwa baiskeli ya injini mi nakushauri hela ya raba uiweke pembeni kwanza ubadilishe rimu, uweke za alumini, ukianza na ya mbele kwa sababu ukibana breki uzito mwingi unakimbilia mbele.

Ukishakuwa na alumini ndo tuongee raba. Tafuta laini kidogo, zinazoshika kwenye maji. Mimi napenda Kool-Stop zile za rangi ya samoni, nyekundu iliyopauka hivi, zinashika vizuri rimu ikiwa imelowa na hazili sana alumini. Zile nyeusi ngumu za bei chee zinadumu kweli, lakini zinadumu kwa sababu hazishiki. Kama breki zako ni za V, yaani zile zenye vyuma viwili virefu vilivyosimama pande mbili za gurudumu, chukua ndefu, za milimita 70 hivi, na ikiwezekana zile za kwenye kishikio cha chuma ambazo raba ikiisha unachomoa unachomeka nyingine. Hapa kuwa makini sana: kile kishikio kina upande mmoja uliozibwa na mwingine uko wazi, uliozibwa ndo uangalie mbele. Niliwahi kufunga kinyume usiku nikiwa na haraka, asubuhi nabana kwenye mteremko raba ikachomoka yote ikabaki chuma kinasaga rimu, nikasimama kwa miguu. Tangu siku ile sifungi breki bila kuangalia mara mbili.

Kingine, angalia mkono wa breki. Wengi wakifunga injini, klachi inachukua mkono wa kushoto, basi breki mbili zinaunganishwa kwenye mkono mmoja, na hapo nguvu ya kiganja chako inagawanywa kwa waya mbili. Kama umefanya hivo, tafuta namna breki ya mbele ipate mkono wake. Na breki za V zinataka mkono wa V, wa aina nyingine hauvuti waya wa kutosha. Halafu oili: petroli yako imechanganywa na oili, eksozi inatema, cheni inarusha, vyote vinaishia kwenye rimu ya nyuma. Futa kwa spiriti na kitambaa kisafi. Raba iliyokunywa oili usihangaike nayo, tupa.

SWALI: Mimi rimu zangu ni alumini na raba nimenunua nzuri tu, ila nikibana zinapiga kelele mtaa mzima na nasikia kama kuna mchanga unasaga. Nifanyeje?

JIBU: Huo mchanga ni alumini ya rimu yako mwenyewe. Toa raba, igeuze juani, utaona vipunje vinametameta vimezama ndani, vichomoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano alafu piga msasa kidogo mpaka ule uso uliong'aa uishe. Ukiacha vitakula rimu, na rimu ikiliwa ukuta wake unakuwa mwembamba mpaka siku moja upepo wa tairi unaupasua. Pitisha ukucha pale raba inapobana, ukisikia bonde limeingia, rimu hiyo itoe.

Kelele inatokana na raba kugusa vibaya. Legeza nati, weka kadi nyembamba kati ya rimu na raba kwenye ncha ya nyuma, bana breki, kaza nati huku umebana. Ukitoa kadi, ncha ya mbele itakuwa inatangulia kugusa kwa kama milimita moja na kelele itakata. Angalia pia raba isiguse tairi, hata kidogo, kwa spidi hizo inalikata kwa muda mfupi sana.