Nina kilo 130, eksirei inasema mgongo uko sawa

SWALI: Habari dokta. Mimi ni mama wa miaka 43, nina duka so nashinda nimekaa, kilo 130. Mgongo chini unauma mwezi wa tatu huu, maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba na hapo kwenye kidole kuna ganzi. Nimepiga eksirei wameniambia mifupa iko sawa, sasa nyumbani wananiona kama najidekeza. Mwanangu anataka nikapige MRI ila shoga yangu anasema kwa mwili huu siingii kwenye mashine. Ni kweli?
Mama wa Duka, Morogoro

JIBU: Pole sana dada, na hujidekezi. Eksirei inaonyesha mifupa tu, diski (vile vimto laini kati ya pingili za mgongo) na mishipa ya fahamu haioni, halafu kwa mtu mwenye tumbo kubwa miale inatawanyika njiani na picha inatoka na ukungu. Ganzi ya kidole gumba mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa L5, yaani wa pingili ya tano ya kiunoni, umebanwa, kwa kawaida na diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni. Kwa miezi mitatu yenye ganzi mimi ningekuagizia MRI, ila kwanza daktari akupime nguvu za mguu kwa mkono wake, hicho kipimo cha bure watu wanakiruka sana.

Shoga yako kakutisha bure. Mashine nyingi za zamani zina tundu la sentimita 60, mpya nyingi zina 70, na kinachokwamisha mara nyingi ni upana wa mabega na nyonga kuliko kilo. Kabla hujalipa nauli piga simu uliza kitanda kinabeba kilo ngapi na tundu lina upana gani, wakikwambia njoo tu tutaona, tafuta kwingine. Ikishindikana kabisa kuna siti skani, tundu lake huwa pana zaidi, ila mishipa haionyeshi vizuri kama MRI na ina mionzi.

Majibu yakisema diski imetokeza usikimbilie kuwaza kisu, watu kibao wasioumwa popote nao wanazo, lazima picha iendane na huo mguu wako. Kuna wanene wengine wanakutwa mafuta yenyewe yamejaa ndani ya mfereji wa uti wa mgongo yanabana mishipa, hao wakipungua uzito wengi wanapata nafuu.

Ila mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikishika sehemu za siri, au mguu ukaanza kuburuzika, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.