Wakili wa serikali si wakili wa mlalamikaji

Ndugu, unauliza kama wakili wa serikali humwakilisha mlalamikaji, yaani aliyeibiwa. Hapana, anaiwakilisha dola. Aliyeibiwa ni shahidi tu, ndiyo maana hawezi kumwagiza wakili wa serikali afute shtaka. Jalada la kesi likitoka polisi, wakili hupima kila kiungo cha kosa. Kwa wizi: kitu kilichukuliwa, ni mali ya mwingine, tena kwa nia ya kumnyima mwenyewe kabisa, asirudishiwe. Kikikosekana kimoja, jalada hurudi kwa mpelelezi. Mahakamani wakili athibitishe shtaka bila kuacha shaka yenye mashiko. Kesi nyingi huharibikia kwenye vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa kama ushahidi: simu imekamatwa, hati ya ukamataji haina sahihi, na haijulikani nani aliitunza simu hiyo. Ushahidi unaomsaidia mshtakiwa nao wakili haruhusiwi kuuficha.