Maswali ya Wasomaji: Je, ukanda wa miti kando ya barabara yetu unaweza kuuzwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Mbeya katika mtaa wenye barabara pana iliyopandwa mijakaranda pande zote mbili tangu kabla sijazaliwa. Kati ya lami na nyumba zetu kuna ukanda wa nyasi ambao hakuna aliyewahi kuujenga. Wazee hupumzika hapo jioni, na watoto hupita hapo kwenda shule, mbali na bajaji na bodaboda. Mwezi uliopita watu wasiojitambulisha walisimika vigingi, na inasemekana kwamba ukanda huo utakatwa viwanja vya fremu za maduka. Je, ardhi ya namna hii inaweza kuuzwa, na sisi wakazi tuna njia gani ya kuizuia?
Mkazi wa Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa wasiwasi huo, ambao una msingi. Jibu la swali lako la kwanza halimo kwenye miti yenyewe, bali limo kwenye mchoro wa mipangomiji wa mtaa wenu, yaani ramani rasmi inayoonyesha kila eneo limepangiwa matumizi gani. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu, kwa masharti ya matumizi yaliyopangwa. Ikiwa mchoro unaonyesha ukanda huo kuwa hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kando yake kwa ajili ya barabara hiyo, au eneo la wazi, basi hakuna kiwanja hapo cha kumpa mtu, hata kama fedha zimeshapokelewa. Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo mchoro hauutaji ukanda huo kabisa, kwa kuwa mahali palipoachwa bila jina ndipo penye kutamaniwa upesi.

Kwa hiyo anzeni na karatasi kabla ya kuanza na mabango. Mwandikieni Afisa Mipango Miji mkiomba nakala ya mchoro wa mipangomiji pamoja na ramani ya upimaji, na mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi la maandishi ndani ya siku 30. Barua hiyo ipitie kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, muhuri ugongwe, nanyi mbaki na nakala. Nasisitiza muhuri kwa sababu nimeona madai mengi mazuri yakikwama kwa kukosa ushahidi kwamba yaliwahi kupokelewa.

Ikibainika kwamba kuna maombi ya kubadili matumizi, kwa kawaida kusudio hilo hutangazwa gazetini na kwa bango katika eneo lenyewe ili wenye pingamizi wajitokeze. Pingamizi lenu liandikwe kwa hoja, si kwa hasira. Uzuri wa maua ya zambarau wakati mvua zinapokaribia ni hoja halali, wala msione haya kuutaja, lakini kwanza tajeni kazi ambazo ukanda huo unafanya kila siku. Mji wenu umelala chini ya mlima Loleza, na maji yateremkayo huko yanahitaji udongo ulio wazi wa kuyanywa kabla hayajajaa kwenye mitaro na kuingia majumbani. Pigeni picha wakati wa mvua kubwa, muonyeshe maji yanakopita na yanakoishia. Diwani wenu apewe nakala, naye aombe suala hilo lifikishwe kwenye kamati inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, kisha mhudhurie mkutano wa baraza la madiwani, ambao ni wa wazi kwa wananchi.

Msiwageuze mama lishe waliojikinga jua chini ya mijakaranda kuwa adui zenu. Meza inayoondolewa jioni haifanani hata kidogo na msingi wa zege.

Mahakama ibaki kuwa hatua ya mwisho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, ikiwamo kuyafikia maeneo ya umma kwa mapumziko, na inamruhusu kushitaki haki hiyo inapotishiwa. Hata hivyo, shauri dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90, na katika siku hizo shoka halilali. Mwaka 1989, jijini Nairobi, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Mahakama ilitupa shauri lake, lakini barua alizokwisha kuziandika kila upande ziliwafanya wafadhili wajitoe, na bustani ikabaki. Kwa upande mwingine, mji wa Buffalo nchini Marekani ulikuwa na Humboldt Parkway, barabara pana ya miti iliyobuniwa na msanifu wa bustani Frederick Law Olmsted katika karne ya 19. Katika miaka ya 1960 miti hiyo ilikatwa ili kupisha barabara ya magari ya kasi, na hadi leo wakazi wanadai warudishiwe.

SWALI: Je, miti ikiwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu inayopanuliwa, tunaweza kudai ibaki?
Msomaji, Iyunga

JIBU: Hapo nguvu yenu ni ndogo, na si haki kuwaficha. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na imewekwa kwa ajili ya upanuzi kama ule wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, mkoani Mbeya. Mnachoweza kudai ni kwamba upandaji wa miti mipya uandikwe kama sharti katika tathmini ya athari kwa mazingira, pamoja na aina ya miti, umbali kati ya mti na mti, na nani ataimwagilia katika miaka yake ya kwanza. Dai hilo litolewe mradi ukiwa bado kwenye hatua ya maoni ya wananchi, mkandarasi akiwa hajaingia kazini.