Re: Nyumba imetangazwa, lazima nipite kwa dalali?

Mkuu, hiyo nyumba ya Kimara, Dar, uliyoiona kwenye tangazo unaweza kuinunua bila dalali, hakuna sheria inayokulazimisha. (Kama dalali ndiye aliyekupeleka kuiona, malizana naye, usitafute ugomvi.) Ukinunua bila dalali, hela ambayo ungempa yeye mlipe wakili. Kabla ya kutoa hata advansi, omba nakala ya hati ukafanye upekuzi (kukagua kumbukumbu za hiyo hati) kwa Msajili wa Hati: utaona mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki au zuio. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake asaini ridhaa hata kama hati ina jina moja. Hapo ndipo wengi huliwa. Mwenyekiti wa mtaa atakuambia kama kuna mgogoro, ila muhuri wake hauhamishi hati.