Zimwi limekufa au amekufa? Ngeli za miungu, madubwana na mataifa ya kale

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi na wenzangu hukutana kila Jumamosi jioni hapa Umoja kucheza mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa dadu na karatasi ambapo mmoja husimulia na wengine huwa mashujaa. Tumeamua kuuandika ulimwengu wetu kwa Kiswahili: miungu yake, madubwana yake, mataifa yaliyoangamia. Sasa tunagombana. Mmoja anasema "miungu wengi wamelala", mwingine anasema "miungu mingi imelala" na ameleta Biblia kama shahidi. Kwa joka na zimwi, kuna wa "limekufa", kuna wa "amekufa", na kuna wa "hiyo joka imekufa, tuendelee". Pia tuna taifa la kale liitwalo Azuru. Watu wake tuwaiteje? Na kile tunachorusha mezani kina jina la Kiswahili, au dadu inatosha? — Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Sijambo, na hongera kwa kugombania jambo la maana. Michezo ya aina hii ina umri sasa, maana Dungeons & Dragons ilichapishwa Marekani mwaka 1974, lakini Kiswahili chake bado kinaundwa mezani kama hapo kwenu. Kwa hiyo mkiamua vizuri leo, wengine watawafuata.

Tuanze na miungu. Katika Kiswahili sanifu, nomino inayotaja kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, umbo lake liwe lolote. Mungu na miungu wana umbo la mti na miti, ila sentensi yao ni ya mtu na watu: mungu huyu amelala, miungu hawa wamelala. Wenzao ni mtume na mitume. Sijawahi kumsikia mtu akisema "mitume mingi imefika". Kwa hiyo "miungu wengi wamelala" ndiyo sahihi, na katika mtihani wa shule ndiyo itakayopewa alama.

Lakini mwenzenu mwenye Biblia hakuitoa hewani. Kutoka 20:3, katika tafsiri ya Union inayosomwa makanisani mwetu, inasema: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mingine, si wengine. Mkristo aliyekulia Kenya ameikariri amri hiyo tangu utotoni, na ndiyo sababu "miungu mingi" haimkwaruzi sikio. Fungueni Mathayo 10:2 katika kitabu hicho hicho mtakuta "hao mitume kumi na wawili". Maneno mawili ya umbo moja, jalada moja, ngeli mbili. Halafu Zaburi 96:5: "Maana miungu yote ya watu si kitu." Hapo panafundisha. Anayesema miungu si kitu anaipa upatanisho wa vitu, na sentensi inakaa sawasawa. Kama watafsiri walikusudia hivyo au waliufuata tu mlio wa mi-, athari kwa msikilizaji ni ile ile.

Ushauri wangu kwa ulimwengu wenu basi ni huu. Miungu wanaosema, wanaolipiza kisasi, wanaowatokea mashujaa ndotoni, wawe wa A-WA moja kwa moja: miungu wakali, miungu wetu, miungu waliotusahau. Akitokea mhusika asiyewaamini, nabii wa dini nyingine au mwanafalsafa mwenye dharau, mpeni U-I, ngeli ya mti na miti: "Miungu yenu hiyo imeoza." Wachezaji wataisikia tofauti bila kuelezwa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hamkuuliza, ila mtaukanyaga. Mungu wa kike mtamwitaje? Biblia hiyo hiyo ina "mungu mke", kama ilivyomwita Ashtorethi wa Wasidoni. Katika umoja hakuna shida. Wafanyeni wengi sasa: miungu wake. Ni miungu wa kike, au ni miungu wa mtu fulani, wake yeye? "Malkia aliwachoma miungu wake." Hapo mchezo utasimama nusu saa. Andikeni "miungu wa kike" na mtalala salama. Herufi kubwa muiache kwa Mungu Mmoja wa waumini. Hao wenu ni mungu kwa herufi ndogo, na jina la kila mmoja ndilo lenye herufi kubwa. Hii itawaepusha pia na ugomvi na shangazi atakayezikuta karatasi zenu mezani.

Kingine kuhusu miungu: ni wa kale, au wa zamani? Watu huyachanganya, na kwa habari za kawaida haidhuru. Kwenu inadhuru. Mfalme wa zamani anaweza kuwa aliyepinduliwa juzi, yuko hai, anaishi kwa shemeji yake. Mfalme wa kale amekwisha kuwa mavumbi. Miungu wa kale ni wale wa enzi za mwanzo. Miungu wa zamani wanaweza kuwa walionyang'anywa kazi. Kama mna hao wa pili, hadithi yenu imeshapata mgogoro.

Sasa madubwana, ambako ndiko kwenye utamu.

Methali inasema: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Zimwi hilo lina uhai, lina meno, lina akili ya kumtambua mtu na kumbakiza kidogo. Hata hivyo wahenga walilipa li-, si a-. Kwa upande mwingine kuna nunda, yule paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo akaishia kula watu, katika ngano za Unguja alizokusanya Edward Steere na kuchapisha London mwaka 1870. Mwana wa sultani anaua mnyama baada ya mnyama, anamkokota hadi kwa mama yake akidhani amempata, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Siye, si silo. Nunda anakula watu vilevile, lakini yuko A-WA.

Matumizi yote mawili ni sahihi. Ngeli ya A-WA ni makao ya kawaida ya kila kilicho hai. LI-YA ni makao ya ukubwa, na mliosoma sekondari Kenya mnalikumbuka lile swali la karatasi ya lugha: "Andika katika ukubwa: Nyoka alimuuma mtu." Jibu: "Joka lililiuma jitu." Ukubwa huo si wa mwili peke yake. Hubeba hofu, hubeba karaha, hubeba kumtoa kiumbe katika jamaa ya watu na wanyama wa kawaida. Ukisema "jitu lile" juu ya jirani yako, si urefu wake unaoupima.

Tena mtu anaweza kukaa katikati. Ufunuo 12:3 inaleta "joka kubwa jekundu sana, alikuwa na vichwa saba". Kivumishi kiko LI-YA, kitenzi kiko A-WA. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeizungushia duara, lakini mimi naipenda. Macho yanaona umbo la kutisha kwanza, kisha joka linaanza kutenda na tunagundua ni nafsi yenye nia. Kufika aya ya tisa anaitwa "yule joka", tena anatajwa kwa jina lake, Ibilisi.

Hila hiyo mnaweza kuitumia mezani kwa makusudi. Sikilizeni msimulizi akianza hivi:

"Kitu kilisogea kwenye matete. Kikanguruma. Mwenge ulipowaka tukaliona: zimwi, limesimama wima, linanuka damu. Likafungua kinywa. 'Nani amekanyaga kaburi la mama yangu?' akauliza."

Ki-, kisha li-, kisha a-. Kwanza hatujui ni nini, halafu tunajua ni zimwi, halafu linatamka neno mama na ghafla ni mtu wa kuzungumza naye. Mchezaji aliyekuwa ameshika upanga atasita. Kuna lugha ambazo msimulizi angehitaji sentensi nzima kueleza badiliko hilo. Nyinyi mna silabi moja.

Sababu ya pili ya kuyapa madubwana LI-YA ni ya kazi zaidi. Pigano likichacha, viambishi ndivyo vinavyobeba habari za nani amempiga nani. Linganisheni. "Shujaa alipomwona joka akamrukia, naye akamkamata shingo." Nani amekamatwa? Sijui, na msimulizi mwenyewe atasahau. Sasa hii: "Shujaa alipoliona joka akalirukia, nalo likamkamata shingo." Kila mkono uko mahali pake. Ila mkipambanisha joka na jitu mmerudi gizani, "lilipoliona likalirukia", kwa hiyo hapo mmoja wao mpeni jina na mumhamishie A-WA.

Si kila dubwana linakubali mabadiliko haya. Jini linaweza kukaa pande zote mbili, ingawa wingi wake una kituko chake: majini walitokea majini. Malaika hatoki A-WA. Kibwengo, ambaye ni aina ya pepo, kwa umbo lake la ki- anapatana kama kiboko na kifaru: kibwengo yule, vibwengo wale. Msukule, ambaye vijana wa Nairobi humwita zombi, ni wa A-WA hata akiwa wingi: misukule wale wanakuja. Mizimu ndiyo inayonigawa. Watu husema "mizimu imekasirika" na hakuna anayegutuka, kwa sababu mizimu huzungumziwa kama nguvu ya ukoo, si kama mtu mmoja mmoja. Iacheni hivyo. Ila babu wa fulani akija usiku na jina lake, yeye ni yeye, na kuzimu anakotoka ni mahali: kuzimu kule kuna giza.

Halafu kuna mwenzenu wa "hiyo joka imekufa". Hicho ndicho Kiswahili cha Nairobi, ambacho kimezisukumia nomino nyingi kwenye I-ZI: hiyo gari, hiyo mti, hiyo joka. Sitamchapa. Katika maandishi ya ulimwengu wenu haifai, kwa kuwa mtakuwa mmezitupa silaha zote nilizozitaja hapo juu. Katika vinywa vya wahusika, karibuni. Mwizi wa sokoni aseme hivyo. Vibwengo wadogo wasumbufu waseme kwa ka- na tu- kama vitoto vya mtaani, "kazimwi kamoja kametuibia", huku kuhani wa hekalu akisema "kizimwi kimoja kimetuibia". Wachezaji watajua nani ametoka wapi.

Taifa la Azuru ni rahisi. Mtu wake ni Mwazuru, wengi ni Waazuru kwa a mbili, kama Mwarabu na Waarabu. Jina likianza kwa m, umoja unapata m mbili: Mmisri, Mmarekani. Wengi husahau ile ya pili. Nchi inaweza kubaki Azuru, kama Misri na Babeli zilivyobaki, au ikavaa u-: Uazuru, kama Uajemi na Ugiriki. Mkitaka eneo la watu hao na si dola yao, ongezeni -ni kama tunavyosema Ukambani na Umasaini. Lugha yao ni Kiazuru.

Angalieni ki- hiyo kwenye hazina zenu. Upanga wa Waazuru ni mali yao, na pengine wataudai. Upanga wa Kiazuru umefuliwa kwa namna yao, hata kama aliyeufua ni mhunzi wa nchi jirani aliyeiga. Orodha zenu za vitu vya kichawi zitanufaika na tofauti hiyo kuliko zitakavyonufaika na kivumishi chochote.

Na kama mnataka jina linukie ukale, tazameni majina ya nchi yalivyozeeka katika Kiswahili chenyewe. Ugiriki ni ya magazeti, Uyunani ni ya maandiko. Iran inacheza mpira, Uajemi ina wafalme na mazulia. Ethiopia ina shirika la ndege, Uhabeshi ina Negus, yaani mfalme wake. Nchi yenu iliyo hai iiteni Azuru, na magofu yake yaiteni kwa umbo lingine lililochakaa kidogo, tuseme Uzuru, ambalo wazee peke yao ndio hulitumia. Hapo hamtahitaji kuandika kurasa za historia kueleza kwamba miaka mingi imepita.

Dadu inatosha. Iko I-ZI: dadu imeangukia ishirini, dadu zimepotea chini ya kochi. Yenye nyuso ishirini ni dadu ya ishirini tu. Mkianza kuiundia jina refu hamtamaliza kucheza kabla ya matatu ya mwisho.